Nguvu za Mtu Aliyenywea

Filamu yenyewe tuliitazama mchana, tumekaa kwenye turubai mbele ya nyumba ya mama mkwe wangu, tukichambua pamba. Simu ya wifi ilikuwa imeegemezwa kwenye debe, sauti juu, na pamba imetuzunguka mpaka magotini: safi huku, fifi kule. Safi ni ile nyeupe isiyo na taka. Fifi ni ile iliyoguswa na udongo au kuliwa na wadudu. Ukizichanganya, mnunuzi anakurudishia mzigo mzima. Kwa hiyo mikono ilifanya kazi yake, macho yakawa yanaibia kwenye simu.

Wifi, mdogo wa mwisho wa mume wangu, alikuwa amefunga shule, anasoma bweni. Filamu aliwekewa na kijana mmoja wa kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu, stendi ya Bariadi, na kijana huyo ndiye aliyeibandika jina la kuuzia: Upungufu wa Nguvu. Sasa maneno hayo kwetu yana maana moja tu. Yameandikwa kwenye nguzo za umeme na kwenye kuta za vyoo vya stendi, pamoja na namba ya simu ya mganga. Mama mkwe aliposikia jina hilo aliuliza kwa Kisukuma nani amemtuma mtoto wa shule kununua ugonjwa wa wanaume. Jirani yetu, mwanamke wa makamo aliyekuja kutusaidia kuchambua, akasema tuache iendelee, huenda na dawa wameionyesha, kuna watu humu kijijini ingewafaa.

Kumbe ilikuwa hadithi ya mtu kunywea. Mwanamume mbeba magunia bandarini, jitu la miraba minne, anaamka asubuhi anakuta suruali inaburuzika. Kesho yake mkanda unamzunguka mara mbili. Wiki inayofuata mke wake anampita kwa urefu. Filamu haikueleza sababu. Mama mkwe hakuhitaji kuelezwa: wenzake wa kazini wamemfanyizia, alisema, kwa kuwa alikuwa anawazidi magunia. Jirani akakataa, akasema huyo anamalizwa na mke, hebu angalieni mke anavyozidi kunawiri. Wakabishana hapo kwa dakika kadhaa kama vile mtu yule ni wa kijiji cha pili na kwenye msiba wake tutaalikwa.

Mimi nilikuwa namnyonyesha mtoto kwa upande mmoja na kuchambua kwa mkono mmoja. Nina hasira, nimekuwa nazo tangu nijifungue na sijaona sababu ya kuziacha. Lakini hasira zangu si za kupiga kelele. Zinakaa tu, kama maji kwenye mtungi, na ukiniangalia utasema huyu dada ametulia.

Nilijifungua kwa operesheni. Nasema operesheni kwa sababu watu wanapenda kusema "alipasuliwa", kama tikiti. Uchungu ulinishika usiku na mchana, mtoto akagoma kugeuka, wakaniingiza chumba cha upasuaji tukatoka wawili wazima. Kwangu mimi hiyo ni kazi iliyofanyika vizuri. Kwa mama mkwe ilikuwa kazi iliyofanywa na wengine. Hakunitukana hata siku moja, hilo niliseme wazi. Alikuwa akiwaambia wageni tu, kwa sauti ya kunihurumia, kwamba huyu hakusukuma. Wageni wanaitikia "pole", halafu wanamwangalia mtoto kana kwamba ameokotwa.

Muuguzi aliyenitoa nyuzi aliniambia nisiinue kitu kizito kuliko mtoto wangu. Mama mkwe alipoelezwa hilo alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

"Basi tusubiri akue," alisema. "Akifikia uzito wa ndoo, mtatuletea maji."

Nilikuwa nimepelekwa kwake, upande wa Zagayu, ili anilee nipate nguvu, maana mama yangu mzazi alishafariki na mume wangu anashinda kazini. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti pale Bariadi mjini, tumepanga vyumba viwili. Makubaliano yalikuwa miezi miwili. Ilipotimia, mume wangu akaja na pikipiki kutuchukua, na mama yake akamwambia, mbele yangu, mtoto yuko mgongoni mwangu tayari, kwamba sitaondoka. Nitaondoka siku nitakapojitwisha ndoo yangu mwenyewe pale bombani, yeye akishuhudia. Hawezi kumrudishia mwanawe mke wa kutekewa maji, watu wa mjini wakasema kwao kuna wanawake wa namna hiyo.

Mume wangu akasema, "Sawa, mama." Akawasha pikipiki yake akaenda. Juu ya hilo sina cha kuongeza, aliyeolewa atanielewa.

Kwa hiyo siku ile ya filamu nilikuwa naishi kwa sharti. Nyumbani kwangu, na sufuria zangu, na mlango ninaoufunga mwenyewe, kulikuwa upande wa pili wa ndoo ya lita ishirini.

Lazima nieleze habari ya kujitwisha, kwa sababu asiyeteka maji kwa kichwa atadhani ni kitu kimoja na kubeba. Si kitu kimoja. Kubeba ni kazi ya shingo na mgongo, na vyote hivyo mimi sikukatwa. Kujitwisha ni ule mwanzo: ndoo iko chini, imejaa, na wewe uko peke yako nayo. Unaichuchumalia, unaivutia kwenye paja, unapumua. Halafu unaipandisha kifuani, hapo ndipo tumbo lote linajikaza, unainamisha kichwa na kuisukuma juu mpaka itue kwenye kata. Ikishatua, kazi kubwa imekwisha. Nilijifunza nikiwa mdogo kwetu Malampaka, ambako tulikuwa tukishindana wasichana kwa wasichana, na ukimwaga unachekwa mpaka treni ipite.

Asiyeweza anasema neno moja: "Nitwishe." Na neno hilo lina sheria yake, ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna anayeivunja. Mtu akikwambia nitwishe, humkatalii. Hata kama jana mlitukanana hadharani kwa ajili ya mbuzi, utaacha lako, utashika upande wako wa ndoo, itapanda, na kila mtu ataendelea na chuki yake. Ila neno hilo lina watu wake. Mtoto hutwishwa, mjamzito hutwishwa, mgonjwa hutwishwa. Mwanamke kijana aliyesimama kwa miguu yake, mzima wa kuonekana, akisema nitwishe kila siku, wenzake watamtwisha, na wakishampa mgongo wanaangaliana.

Tangu nifike pale sikuwa nimelisema. Wifi ndiye aliyekuwa akiteka, na kabla hajafunga shule mama mkwe aliteka mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye filamu. Kilichoniudhi si mtu kunywea. Hadithi ni hadithi, na sisi kwetu tuna fisi wanaopandwa na wachawi, nani atashangaa mtu kuwa mdogo. Kilichoniudhi ni jinsi walivyolishughulikia suala la nguvu. Kimo chake kilipungua kidogo kidogo, lakini nguvu waliziondoa kama wanafyatua mtego. Alipokuwa na kimo cha mtoto wa darasa la tatu, gunia halinyanyuki. Haya, hilo nakubali. Baadaye akawa hawezi kusogeza komeo la mlango. Akawa hawezi kijiko, mke anampa kijiko anaanguka nacho, na mtafsiri wa filamu, yule anayepayuka Kiswahili juu ya sauti zao, anasema, "Jamaa kwisha habari yake, kijiko kimempiga mieleka!" Mwisho akawa na kimo cha kidole. Amesimama mezani, njiani kuna punje moja ya karanga. Anaisukuma, anaegemeza bega, anatoka jasho, karanga haitikisiki. Yule mbeba magunia akakaa chini akalia.

Wifi na jirani walicheka mpaka pamba safi ikaingia kwenye fifi.

Nikasema huo ni uongo.

Jirani akauliza uongo upi, maana kama ni kunywea basi filamu nzima ni uongo. Nikamwambia hapana, hicho cha karanga. Nikawaeleza kama nilivyofundishwa sekondari. Ukimpunguza mtu urefu, uzito wake unapungua haraka kuliko nguvu zake. Ndiyo maana siafu anabeba kitu kinachomzidi yeye mwenyewe na anakimbia nacho. Ndiyo maana kiroboto anaruka hivyo. Mtu wa kimo cha kidole angekuwa na nguvu za ajabu kwa mwili wake, angeipiga teke ile karanga ikaanguka chini ya meza, na yeye angeruka kuifuata asivunjike hata ukucha. Aliyetunga filamu ile hajawahi kumtazama siafu. Anajua tu kwamba mdogo ni mnyonge, mnyonge ni wa kuchekwa, basi.

Nadhani nilisema kwa ukali kuliko karanga ilivyostahili. Wifi alikuwa ananitazama kwa heshima, kidogo. Jirani akasema, "Haya, mwalimu, tumekusikia."

Mama mkwe hakuinua macho. Alikuwa anang'oa kipande cha jani kwenye pamba, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

"Mayu," alisema, yaani mama, ndivyo tunavyoitana kwa Kisukuma, "wewe hukunywea. Uko urefu uleule tuliokuolea. Ndoo imekushindaje?"

Hakuna aliyecheka. Jirani aligeuza uso akajifanya anatafuta kikapu. Wifi akabonyeza simu, filamu ikasimama, yule mtu mdogo akabaki kwenye kioo na mikono yake usoni.

Iliniuma kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mtu hahitaji kunywea ili nguvu zimtoke. Unaweza kubaki na kimo chako chote, nguo zako zote zikakuenea, watu wakakuamkia kama kawaida, na ndani ukawa huwezi kusogeza karanga. Na kwa kuwa hujabadilika kwa nje, hakuna atakayekuamini. Yule wa filamu angalau walimwona.

Siku zilizofuata nilikuwa nakwenda nyuma ya jiko, wenzangu wote wakiwa shamba, na kujaribu ndoo. Mwanzo nusu. Niliipandisha kwenye paja bila shida, lakini kutoka kwenye paja kwenda kifuani kuna mahali kovu lilivuta kama uzi ulioshonwa ukutani. Nilikuwa nikiishusha na kukaa juu ya kinu kilicholazwa mpaka maumivu yapite. Kliniki ya mwisho, muuguzi alinipima akasema naweza kuanza kubeba kidogo kidogo, lakini kuinua kutoka chini nisikimbilie. Kovu likivuta, niache. Alisema hivyo huku anaandika kitu kingine, kama jambo dogo. Niliacha, basi. Mimi ni mtu wa hasira lakini si mpumbavu. Sikutaka kufunguka tumbo kwa sababu ya maji ya kuoshea vyombo.

Nikabaki nahesabu njia zilizobaki na kila njia ilipita bombani.

Wiki hiyohiyo, siku moja mchana, wifi amelala, mama mkwe amekwenda kwa jirani, nilichukua simu nikamalizia filamu. Nilikuwa nataka nione kama watamrudishia nguvu zake. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika.

Yule mtu bado yuko mezani. Amejificha nyuma ya kikombe kwa sababu ya upepo wa dirisha. Mke wake anaingia chumbani kumtafuta. Anafunua mto, anainamia chini ya kitanda, anaita. Na mume anaitika. Anaonekana kabisa anaitika, shingo imemtoka mishipa, lakini sauti yake imekuwa kama ya mbu. Mke anasikia kitu kama mbu, anachukua kitambaa anapunga hewani.

Ikakatika hapohapo. Kijana wa kibanda alikuwa hakuingiza sehemu ya pili.

Karanga ni uongo hata leo, nitabishana na yeyote. Lakini ile ya sauti ni kweli, yeyote aliyeitunga alikuwa ameiona mahali. Mtu yule hakukosa nguvu za kubeba. Alikosa nguvu ya kusema nisaidie ikasikika. Mimi je? Mapafu yangu yalikuwa mazima. Nilikuwa naongea siku nzima, nabishana habari za siafu na kiroboto, na neno moja lenye silabi tatu nilikuwa nalimeza, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa amelifanya liwe aibu, na mimi nilikuwa nimemkubalia.

Kesho yake jioni, jua bado lipo, nilimwambia wifi abaki na mtoto. Nikachukua ndoo ya lita ishirini na kata ya kitenge.

Bombani tulikuwa wachache. Jirani yetu yule yule alikuwa anapampu. Kulikuwa na wasichana wawili wanafua. Mama mkwe alikuwepo pia, amesimama pembeni na kidumu chake kidogo cha lita tano, kile anachokwenda nacho siku zote. Mimi nilikuwa nimekichukulia kama cheo: mama wa nyumba habebi ndoo, ana watu. Niliwaamkia wote, mwadila, wakaitikia mwadila. Mama mkwe akaiangalia ndoo, akaniangalia mimi, akaweka kidumu chini. Alikuwa amejua siku yake ya kushuhudia imefika.

Nilipampu mwenyewe mpaka ikajaa. Nikakunja kata nikaiweka kichwani. Wasichana wakaacha kufua. Nikasogea kutoka kwenye ndoo hatua moja, nikamgeukia yeye, si jirani.

"Mayu," nilimwambia, "nitwishe."

Sikusema kwa hasira. Nilisema kama mtu anavyoomba chumvi.

Alinitazama. Niliona anatafuta maneno, na niliona hana pa kuyapata, kwa sababu ile sheria ni yake kuliko yangu. Yeye ndiye aliyezeeka nayo bombani pale. Huwezi kumwambia mtu hapana. Akafunga kanga kiunoni vizuri, akaja, akainama upande wake. Mimi nikashika upande wangu, kwa jinsi muuguzi alivyoniruhusu, magoti kidogo na mikono kidogo, uzito mwingi nikimwachia.

Ndoo ilitoka chini. Ikafika kwenye mapaja. Ikafika kwenye kifua chake, ikasimama.

Haikwenda juu, haikurudi chini. Nilidhani ananitesa. Nikamtazama usoni ili nimwambie kwa macho kwamba nimeelewa, na nikaona hanitazami. Alikuwa anatazama maji. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, si kama mtu anayebeba kitu kizito, bali kama kitu kinachotetemeka chenyewe. Maji yakaanza kuruka ukingoni, yakamlowesha kifua, yakanilowesha mimi.

"Ishike," alisema, kwa sauti ndogo sana. Ni mimi tu niliyeisikia.

Nikaishika kwa nguvu nilizokuwa nazo, kovu likalalamika. Jirani aliacha bomba akaja bila kuitwa, akapenyeza mkono chini ya kitako cha ndoo, na sisi watatu tukaipandisha ikatua kichwani kwangu. Jirani ni mtu wa maneno, asingeweza kunyamaza.

"Leo ndoo imekunywa gongo," alisema. "Imekataa kupanda."

Mama mkwe akasema ndiyo, imekunywa. Akachukua kidumu chake. Akanifuata nyuma.

Njia ya kurudi inapita katikati ya mashamba ya pamba, na wakati ule sehemu kubwa ilikuwa imeshavunwa, zimebaki fimbo. Mwenye ndoo kichwani hageuki nyuma, shingo haimruhusu, kwa hiyo nilikuwa nazisikia kandambili zake tu. Tulipopita zizi tupu, maana baba mkwe na ng'ombe walikuwa malishoni upande wa Lingeka kama kila kiangazi, akaongea.

"Ng'wanawane." Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya siku hiyo. "Ile siyo kujitwisha."

"Siyo," nilisema.

"Umetwishwa."

"Nimetwishwa."

Kandambili zikaendelea. Halafu akasema atampigia mwanawe aje Jumamosi kutuchukua.

Ningeweza kunyamaza, nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Lakini nilimuuliza ilianza lini. Akajifanya hajasikia. Nikauliza tena. Akasema ilianza masika ya mwaka jana. Mikono inakuwa kama nguo iliyolowa. Anaiambia inua, inasikia, haiinui. Ndiyo maana ya kidumu. Anakwenda bombani mchana watu wakiwa hawapo, mara nyingi, kidogo kidogo, na wakiwepo anasimama pembeni kama mkubwa. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akacheka, kicheko kile kile cha siku ya muuguzi.

"Niseme, waniambie nikae kivulini nilinde vifaranga?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia hapo. Miezi mitatu ya "huyu hakusukuma" ilikuwa imenijaa mdomoni. Nilikuwa na haki nayo, na bado ninayo. Mtu anayejua jinsi mikono inavyokataa, akamsimamisha mwenzake mbele ya ndoo ili ajithibitishe, ni mtu aliyenikosea zaidi, si pungufu. Sikumsamehe pale njiani, na sitaandika kwamba nilimsamehe ili hadithi ipendeze. Lakini maji yalikuwa kichwani, yanacheza, na ukikasirika na maji kichwani unayamwaga.

Tulipokaribia nyumbani aliongeza jambo moja, na nadhani hakulipanga.

"Huyu binti akirudi shule, na wewe ukienda, nitamwambia nani nitwishe?"

Nilisema, "Sijui, mayu."

Ilikuwa kweli, sikujua.

Jumamosi mume wangu akaja. Mama yake alimkaribisha, akampa uji wa ulezi, akamwambia mkeo ana nguvu sasa, mchukue. Alisema vizuri, bila kutetereka, na mume wangu akafurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokipeleka kwa fundi. Nikafunga mizigo, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaaga. Wifi alilia kidogo. Mama mkwe hakulia, alisimama na mikono nyuma.

Hatujafika mbali, pikipiki inaruka kwenye makorongo, nikamwambia mume wangu kwamba mama yake anahitaji mtu wa kukaa naye, hawezi tena kuinua ndoo. Akanijibu huku anaangalia mbele kwamba nimwache mama yake, yule ana nguvu kuliko sisi wote wawili.

"Ulimwona lini mara ya mwisho amejitwisha ndoo?" nilimuuliza.

Akaanza kujibu. Nilimsikia anatafuta, kama vile anapekua nyumba nzima. Alitafuta mpaka tukapunguza mwendo, halafu akazima pikipiki katikati ya njia, akakaa juu yake, funguo mkononi.

Baadaye akaiwasha akataka kugeuza na sisi wote.

Mimi nikashuka. Nilimwambia aende peke yake, akamkute mama yake, wakateke maji wawili. Asimwambie chochote. Asimame upande wa pili wa ndoo tu, aishike, aone. Mimi na mtoto tutamngoja hapa, chini ya mgunga huu, tuna maji ya kunywa na hatuna haraka.